Papa Alikataa Mbuzi

Kigoma, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Mama yangu Godelieve,

Nakusalimia na moyo yote. Muko je? Kifua ya papa inasema nini? Siye tuko, tumbo yangu inakomaa, na bwana yangu Mahmudu anasema ndakala, ile dagaa ulituma, ilimufanya alambe vidole.

Nakuandikia, sikupigi simu, sababu ndani ya nyumba ile papa anasikia yote. Batu ya komini, ile ofisi ya serikali kule Baraka, bamejibu: ndoa yetu ya Kigoma haiwezi kuingia ndani ya buku yabo mupaka papa aende aseme na kinywa yake kama alipokea mahari. Bila ile, kule Kongo mi niko binti tu, na Mahmudu ni mugeni Mutanzania, hawezi kupata ruhusa ya kukaa. Na siye tunataka kurudi, mama! Tuishi kwetu, mutoto azaliwe mikononi mwako. Bajomba ya Mahmudu bataleta mbuzi ya mahari na boti ya Isidore, ile inavuka ziwa. Umuandae papa.

Mutoto wako, Aline


Baraka, tarehe 27 mwezi wa pili

Mutoto wangu Aline,

Jambo sana. Uko unakula? Mi niko, muzee naye iko, na kikohozi yake.

Bageni balifika. Nilipika fufu ya muhogo na sombe ya majani yake, bakakaa vizuri. Papa yako akazunguka mbuzi, akashika mbavu, akasema: "Hii imekonda. Banafikiri mi ni nani?" Aline, ile mbuzi ilikuwa inashindwa kutembea sababu ya mafuta! Bakarudi na mbuzi yabo, mi haya ikanishika.

Nilimuambia mutoto anarudi kukaa hapa. Akanicheka: "Wee Godelieve! Ni wapi uliona mwanaume anafuata bibi kwabo? Mwanamuke akitolewa mahari, ameenda." Haamini hata kidogo.

Mama yako


Kigoma, tarehe 10 mwezi wa tatu

Mama,

Salamu nyingi. Tuko wazima, lakini leo niko na hasira, unisamehe. Bajomba ya Mahmudu banauliza kama mi niko na wazazi. Batarudi na mbuzi mbili, dume na jike. Umuulize papa anataka nini. Anataka nizeeke huku?

Aline


Baraka, tarehe 2 mwezi wa nne

Mutoto wangu,

Mungu akulinde na ile mimba. Huku mvua inanyesha, tuko.

Bajomba balirudi. Sasa papa yako akasema bamekuja wanaume tupu, na mahari bila mama mukubwa ya upande wa bwana ni biashara ya soko. Bakaacha mbuzi zote mbili hapa, bakaenda zao. Anazikatia majani kila asubuhi, anaongea nazo, lakini kuchinja, apana.

Juzi nikamukuta ameketi juu ya kitanda yako. Nikamuuliza: weye muzee, mbuzi ilikukosea nini? Akasema: "Nikikula ile nyama, nimemutoa mutoto. Nisipokula, iko angali wangu." Kisha akakohoa mupaka damu. Aline, papa yako hachukii bwana yako. Anakupenda vibaya. Mutume Mahmudu mwenyewe, sababu maneno yangu imekwisha.

Mama


Kigoma, tarehe 15 mwezi wa nne

Mama yangu,

Habari ya damu ile? Nimelia siku nzima. Mi nilifikiri ni kiburi.

Mahmudu anakuja na boti hii. Kuko kitu tulikuficheni: kiwanja ya jirani Patrice, ile ya nyuma ya jikoni yako, siye njo tuliinunua. Tulitaka kumushangaza papa siku ya kufika. Sasa amuonyeshe tu. Mi daktari amenikataza kuvuka ziwa, siku zangu zinakaribia. Umuambie papa aningojee.

Aline wenu


Baraka, tarehe 9 mwezi wa tano

Aline wangu,

Pole. Pole tena. Najua Mahmudu alikuambia kwa simu. Mi nilishindwa hata kuishika. Nakuandikia namna ilienda, ujue yote.

Mahmudu alimushika papa mukono, bakaenda nyuma ya jikoni. Akachora nyumba chini na kijiti: hapa chumba, hapa mulango. Patrice akasema ndiyo, bamenunua. Papa yako akasema: "Kumbe mutoto alikuwa anarudi, na mi njo nilikuwa nafunga mulango." Akalia, Aline. Tangu anioe sijamuona vile.

Akachinja dume siku ileile. Akakula ini mbele ya bazee bote, akamuambia Mahmudu: "Mukwe, mbuzi yako ya kwanza haikukonda. Nilikuwa nakudanganya." Batu bakacheka. Kesho yake bakapanda pikipiki, Mahmudu amemukumbatia sababu nguvu ilikuwa imekwisha. Kule komini akasema na kinywa yake, bakaandika. Weye uko bibi ya Mahmudu huku kama huko.

Alirudi na mipango. Mulango yenu iangalie mulango yetu, apate kukuona asubuhi ukifagia. Alikuwa anauliza tu: boti ya Isidore imefika? Akalala na ile swali, hakuamuka.

Siku ya kumuzika, baliuliza nani atashuka ndani ya kaburi kumupokea. Kwetu ni kazi ya mukwe. Mahmudu akavua viatu, akashuka. Hakuna mutu alimuzuia.

Mbuzi jike, papa yako alikataza tusiichinje, ni ya siku utashuka kwenye boti. Iko hapa, asubuhi inalia, inamutafuta yule alikuwa anaikatia majani. Sasa mi njo naikatia. Zaa salama, kisha kuja nyumbani.

Mama yako, Godelieve