Mtindo wa Nane wa Mkufu Wako

Dada Mwende mwenye vito vyote,

Nakusalimu kutoka Muhuru Bay, ambako jua linaanika dagaa wa omena na wageni bila ubaguzi. Leo nimejitambulisha kwa mama yake Ouma, mchumba wangu, nikiwa na ule mkufu wako wa chuma unaokunjika. Kati ya mitindo saba uliyonifundisha nilichagua wa nyoka: mizunguko mitatu shingoni, mkia begani. Nilijiona malkia.

Mama alinikagua kuanzia viatu, akafika shingoni, akaweka kikombe chini.

"Hebu nione hiyo kitu."

Nikamvulia. Akaukunjua ukanyooka, akaukunja tena.

"Inakunjanga mzuri. Kazi yake nini?"

"Ni urembo, Mama."

"Urembo peke yake?"

Nikakubali kama mshtakiwa. Akainuka, akaenda kwenye karai la samaki, akaupitisha mkufu kwenye matamvua ya ngege wanne wakubwa, kisha akakunja ncha zikashikana.

"Sasa iko na kazi. Pelekea mama yako, nyathina, mtoto wangu. Mwambie asitupe vichwa."

Ouma, aliyekuwa amejificha nyuma ya kikombe, anasema mama yake hajawahi kumpa msichana yeyote samaki wa kupeleka kwao. Sijamuuliza wamepita wasichana wangapi.

Mkufu nitauosha kwa ndimu, ila usiuvae mbele ya paka. Mitindo yako saba ilinipa shingo nzuri. Huu wa nane umenipa mama mkwe.

Akupendaye hata akinuka ziwa,
Mutheu