Ngoma ya Jumamosi Ile

Mwalimu wangu,

Shikamoo huko uliko. Usianze kunikagua mwandiko. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililirudia, kama unavyojua wewe uliyenirudisha.

Juzi nilipita ilipokuwa shule yetu, kule juu nyuma ya Makere. Pamelimwa mihogo. Kimebaki kipande cha ukuta chenye ng'ombe niliyemchora kwa udongo mwekundu. Ulisema, "Bichwa, ng'ombe wako ana miguu mitano." Nikajibu, "Wa tano ni mkia, Mwalimu." Ukageukia ubao mabega yakitikisika.

Serikali ilikuleta kutoka Tanga utufundishe kusoma na kuhesabu. Ukatukuta watoto wa Waha, tunaogopa Kiswahili kuliko chui. Basi ukatufundisha hesabu kwa ngoma na jiografia kwa udongo wa kufinyanga. Wazazi wakanung'unika: "Mtoto nimempeleka shule, ananirudia na vyungu!" Lakini ingoma yetu kubwa ikilia mara tatu, na tatu tena, kilima kizima kilijua leo kuna maonyesho. Majembe yanatupwa, wazee wanaacha pombe ya ndizi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, alikaa mbele kabisa.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya, chini barabarani. Kilima kikagoma. Siku moja nikiwa nakanda udongo chini ya dirisha lako, nikamsikia bwana mmoja wa koti la kaki, aliyetumwa kutuhamisha, akisema nawe.

"Pigisha ngoma Jumamosi, Mwalimu. Wakija wote hapa, vijana wangu watafanya kazi yao majumbani bila kelele."

"Ngoma hii ni ya watoto. Siipigi."

"Wewe ni mtumishi wa serikali!"

"Niandikie barua, basi. Ngoma siipigi."

Jumamosi ulikwenda wilayani Kasulu kumshtaki. Bwana akanijia. "Nasikia wewe ndiye fundi, ila mwalimu wako hakuachii upige peke yako." Ni kweli, hukuniachia. Kila siku ulisema, "Bichwa, unaharakisha." Ufunguo wa stoo ya ngoma tuliujua sote, uko juu ya mlango. Kazi gani majumbani, sikuelewa. Au nilielewa, nimezeeka, siwezi kuapa.

Nikapiga, Mwalimu, humo humo stoo, mlango nimeufunga. Nilipiga vizuri, Mungu anisamehe. Wakaja wote. Mama akakaa mahali pake, mikono ina unga bado. Moshi ulipoanza, akauliza, "Nani huyo anachoma shamba msimu huu?"

Yalikuwa mapaa yetu. Bibi yangu, aliyekuwa hatembei, walimtoa wakamlaza juani. Alikufa wiki ya pili huko chini, kwenye kibanda cha majani.

Uliporudi jioni, Mama alikutemea mate miguuni. "Umetuita kwa ngoma ya watoto wetu!" akasema. Ukanitazama. Nami nikatazama vidole vyangu vya miguu, kana kwamba ndiyo kwanza naviona. Ukasema, "Ngoma ni yangu, mama."

Uliondoka kabla ya kufunga shule, sanduku kichwani mwako mwenyewe. Hakuna aliyekupokea mzigo. Shule ya kijiji kipya haikuwa na ngoma wala udongo, ilikuwa na fimbo. Ingoma ilipasuka kwa jua, kuku wakatagia ndani. Mama alikufa akiamini ni wewe.

Mwezi uliopita tulipata habari kwamba umefariki. Katika matanga ya mzee mmoja nikasimama nikasema, "Aliyepiga siku ile ni mimi. Mwalimu alikataa." Vijana wakacheka, wamezoea utani wangu. Lakini bibi mmoja tuliyesoma naye hakucheka. Akachukua fimbo yake, akahama mkeka niliokalia. Tangu hapo haitikii salamu yangu. Naichukua chuki hiyo, ulinibebea wewe miaka yote.

Ulisema naharakisha, Mwalimu. Umeona sasa nilivyochelewa.

Pumzika.

Mwanafunzi wako wa darasa la nne, hadi leo,
Bichwa