Ng'ombe Niliyoiita "Yetu"

Mama Consolée, weye unayewajibu watu barua zao, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mufuko wa simenti maana patron, mwenye duka, ametoka na duka iko bila wateja, naomba unisikilize mpaka mwisho, juu nikiwaambia watu wa kwetu watasema minye nimekuwa mchoyo.

Minye ni msichana, sijaolewa, ninauza misumari na rangi hapa Kimanga tangu nimalize shule, na toka mushahara wa kwanza nilijinyima vitu vingi, simu kubwa sina, mafuta ya nywele tunachanga na rafiki, kwa sababu nilijua kazi ya mwenyewe ni ya mwenyewe, siku akiamka vibaya anakufukuza. Nikapata pesa ya kununua mutamba mmoja, ng'ombe jike ambayo haijazaa bado, nikapanda nayo kwetu mlimani Rurambo, nikamwachia baba mdogo Semana achunge, hakuna anayejua ng'ombe kumushinda. Siku ile wakubwa walikuwa wamekaa wanakunywa maziwa, mmoja akauliza hii ni ya nani, na Mama, minye nilifundishwa kwamba msichana hasemi "yangu" mbele ya wakubwa, nikainama nikajibu ni yetu. Wakafurahi, wakanibariki.

Sasa ile ng'ombe ikazaa, ikazaa tena, ndama zote majike, na nia yangu ilikuwa niziuze hizo mbili ninunue friji na sahani ya jua ya kuipa umeme, nianze kuuza kivuguto, yale maziwa yetu ya kuganda, yakiwa baridi, joto la Kimanga unalijua, mchana niwe dukani, jioni niwe kwangu, friji ikijilipa niongeze kingine, mpaka siku moja nisimwombe muntu ruhusa hata ya kuugua. Juzi nikampigia baba mdogo simu kwamba ninazitaka, akasema kwa upole kwamba zimekwisha kuwekwa kwenye mahari ya kaka yangu Hirwa, zitashuka kwa wakwe mvua ikikatika. Nikasema Baba, zile ni zangu. Akanijibu: "Binti yangu, ulisema mwenyewe ni yetu. Au ulikuwa unatudanganya?"

Nililia. Hirwa hana kosa, hata hajui. Wenzangu wengine wananiambia niende polisi, wengine wananiambia ninyamaze, eti mali ya msichana ni mume. Nikidai nitakuwa nimevunja ndoa ya kaka yangu, nikinyamaza nitauza misumari ya watu mpaka nizeeke. Nifanye nini?

Gikundiro, Kimanga

*

Gikundiro binti yangu, pole. Futa machozi kwanza, yatagandisha simenti ya patron bure. Weye si mchoyo. Muntu anayejinyima leo ili kesho asiwe mzigo wa mwingine ana akili, na ningekuwa na binti kama weye ningetembea kifua mbele. Hao wanaosema mali ya msichana ni mume, waulize mume akichelewa njiani, msichana ale nini.

Sasa nikugombeze kidogo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta chumvi, sikuiona. Tangu ulipoacha mutamba wako kule juu, ulipanda siku gani na chumvi ya ng'ombe? Chumvi alinunua Semana. Mvua iliponyesha alikuwa na ng'ombe wako porini, na habari za wezi ziliposikika ni yeye aliyekesha. Halafu weye unasema "ndama zangu mbili", kana kwamba zilizaliwa kwa simu! Anayekuchungia ana maziwa na ana ndama yake, desturi hiyo umeikuta. Kwa hiyo hata bila harusi ya Hirwa, mbili hazikuwa za kuuza zote.

Lakini baba yako mdogo naye nimesikia. Anajua vizuri kwamba "yetu" ya msichana aliyeinama ni adabu, siyo zawadi. Amelishika neno kwa sababu limemfaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini weye uliinama siku ya kusimama, na neno ulilolisema mbele ya watu hulirekebishi kwa simu. Polisi waache kabisa. Utarudi na ndama, utakuwa umepoteza baba.

Panda Rurambo kabla mahari haijashuka kwa wakwe. Beba chumvi, nyingi, ionekane. Mwambie Hirwa mambo haya mapema, asiyasikie kwa wengine. Wakikupa maziwa, kunywa kwanza. Kisha sema mbele ya wale wale: "Baba, kwa heshima ng'ombe ni yetu, kwa jasho ni yangu. Ndama moja ni yako, umeichunga. Nyingine ninashuka nayo." Halafu nyamaza. Usijieleze, usilie. Akitaka kumtolea Hirwa ile yake, ni ukarimu wake na atashukuriwa. Na kabla ya kushuka mpatane, pasteri akisikia awe shahidi, ndama zitakazofuata mtagawana vipi.

Najua ndama moja haitoshi friji na sahani ya jua. Basi anza na sanduku la barafu na maziwa ya jirani. Ingia AVEC, kile kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopeshana, uweke kila juma hata kidogo, friji iliyotumika utaifikia. Kazi ya misumari usiiache mpaka maziwa yakulishe yenyewe. Na usiweke kila kitu mlimani, njia ya kule leo iko wazi, kesho haijulikani. Ng'ombe mama usimuuze, hata friji ikikuchekea namna gani.

Siku friji hiyo itakaposhushwa mlangoni kwako, atasimama mmoja akuulize ni ya nani. Usiiname, mwanangu. Mwambie "ni yangu", mpe kikombe cha kivuguto, na alipe.