Kengele ya Mtambo wa Tatu

12 Februari

Mama mpenzi,

Kengele ile bado inalia masikioni mwangu. Shikamoo. Natumaini presha imetulia na miguu haivimbi tena. Mimi mzima, nakula, usingizi ndio wa kuokoteza.

Tulikuwa getini kwenye kituo chenu cha umeme, wabunge wakivaa helmeti na kutaniana kuhusu ukubwa wa vichwa vyao, nikaisikia: inakwaruza kama mtu mwenye mafua. Kengele inayolia pale tu mtambo wa tatu unapowashwa. Hatujamaliza hata soda, meneja wenu akaiambia kamati kwamba mtambo huo umezunguka mwezi mzima bila kuzimwa. Mwenyekiti wetu, tuliyembandika jina la Fupisha kwa kuwa hamwachi mtu amalize sentensi, akasema, "Vizuri sana, twende mbele."

Ulikuwa umekaa mbele ya mageji na ovaroli yako ya bluu. Ukaniambia, "Karibu, mtafiti." Mtafiti, mama! Kama mtu uliyekutana naye kwenye foleni. Nami nikajibu, "Asante, opereta." Njia nzima ya kurudi nilikaa kiti cha nyuma peke yangu.

Ripoti ya kamati naiandika mimi. Wabunge wakiamini mitambo yote inafanya kazi, uchunguzi wa shirika la umeme unafungwa, na watu watabaki gizani wakiambiwa tatizo ni nyaya za nyumba zao. Niambie kweli: mtambo wa tatu ni mzima?

Binti yako


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Presha ipo, tumeshazoeana kama wapangaji wa nyumba moja. Wewe ndiye wa kuhurumiwa, umekonda kama ufito. Nilitaka kukuambia siku ile, lakini meneja alikuwa amenisimamia.

Unauliza mtambo. Si walisema mgeni njoo, mwenyeji apone? Mlikuja, ukapona. Mlipotoka getini, ukalala tena, kama ulivyolala tangu mvua za mwaka jana.

Usininunie. Niliambiwa niwashe, nikawasha. Nyumba hii ni ya shirika. Siku nikifukuzwa kazi, nafukuzwa na humu ndani. Kustaafu nimekaribia, niache nifike. Andika ulichoonyeshwa, mama, usiandike ulichosikia. Nani atakuuliza habari za kengele? Waheshimiwa wote waliisikia, wakadhani inawaita chai.

Mama yako


3 Machi

Mama,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Huku mvua zimeanza, nalala na soksi.

Niliandika ulivyotaka: "Kamati ilionyeshwa mitambo yote ikizunguka." Sentensi safi, haina hata neno moja la uongo, na siwezi kuisoma kwa sauti.

Unakumbuka sheria yenu, kwamba aliyewasha mtambo haondoki mpaka utulie? Nilipokuwa mdogo, kengele ya mtambo wako wa tatu ikisikika nyumbani nilijua hutarudi mapema. Nilikuwa nageuza sahani yako kifudifudi ili inzi wasitue, najifunika shuka mwenyewe, nakusubiri. Sasa nikikana kwamba niliisikia, mama, nakana na hayo.

Kikao cha kumhoji mkurugenzi kinakaribia. Niruhusu niseme. Nijibu, hata kama ni neno moja la kunitukana.

Binti yako


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Hali yako sijui, kwa kuwa hukujibu. Mlinzi wa Bunge anayepokea barua zetu siku hizi hutikisa kichwa kabla sijafika kumuuliza.

Jana mkurugenzi wa shirika aliulizwa kama mitambo yote inafanya kazi. "Yote, mheshimiwa." Kazi ya mtafiti ni kukaa nyuma ya mwenyekiti na kumpitishia maswali kwenye vikaratasi. Nilimpitishia hiki: "Opereta aliyewasha mtambo ni mama yangu. Naomba nikae kiti cha shahidi."

Fupisha alikisoma, akazima kipaza sauti, akaninong'oneza, "Binti, una hakika? Ukienda kukaa pale, hapa hurudi."

"Najua, mheshimiwa."

Barua yako sikuitoa. Nilisema niliyoyasikia getini, basi. Mkurugenzi akacheka: "Jamani, kengele ni kengele. Huyu ataitofautishaje?"

Fupisha akanigeuzia swali lile lile. Nikamwambia, "Ikilia hiyo, mama yangu alikuwa harudi. Nimekua nikiisikiliza."

Nilisubiri aniambie nifupishe. Hakuniambia. Nikatamani uwepo, hata kama ungekuja kunizaba kofi.

Leo asubuhi kamati imekwenda kwenu bila kupiga hodi, na bila mimi. Barua hii itakapofika, utakuwa umeshawaona. Ukiulizwa, sema uliambiwa uwashe. Hata wakikuondoa kwenye nyumba, usisimame nje na mizigo ukifikiria uende wapi. Meza yangu ya kazi amepewa mwingine, lakini chumba bado ni changu. Nimekisogeza kitanda changu ukutani. Cha pili kililetwa jana jioni. Nimekiweka dirishani, na shuka nimeshatandika.

Binti yako