Mama Tatu za Prodige

Thérèse, uko? Natoka mu oditware, mu chumba ya masomo, sasa hivi, na kasirani!

Ule profesa mugeni wa saikolojia, ule tulialika sisi wenyewe alete mawazo ya inje, aliomba wanafunzi wachore famili yao. Mwanafunzi mumoja, Prodige, akachora mama tatu: ule alimuzala na dada wawili wa ule mama.

Profesa anauliza: «Mama wa kweli ni nani?»

Prodige: «Wote.»

Wote, Thérèse! Kuko nini ya kuuliza tena?

Profesa akaandika ku tablo, mbele ya kila mutu: «Hajui mama yake. Ni ugonjwa.» Na shefu wetu anaitikia tu, wi, wi!

Sasa mutoto wa dada yangu amenipigia: «Mama, unarudi saa ngapi?»

Basi huyu naye ni mugonjwa. Na ugonjwa yake ni miye.