Mama Nyamizi na Hotuba ya Mbunge Wetu

Zahanati ya kijiji,
Sikonge, Tabora.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa kwenye benchi la zahanati. Wajawazito niliowapima leo wameshaondoka, na upepo wa kiangazi unataka kuninyang'anya karatasi hadi nimeigandamiza kwa chupa ya spiriti. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia shangazi imekufikia, au amejichua yeye kwanza? Na Baba, kifua kimetulia na hiyo baridi ya Tukuyu, au bado anajifanya mzima ili asipelekwe hospitali? Mimi sijambo kabisa. Sketi ile uliyonishonea imeanza kunibana, maana hapa asali inaliwa kama ninyi huko mnavyokula ndizi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako hukatika kila tukifika kwenye jambo lenyewe. Juzi uliniuliza, "Huko wanasemaje kuhusu vita?" halafu kimya. Nilijua ulikuwa unamuulizia Lugano kwa kuzunguka. Tangu mdogo wangu aingie jeshini hujawahi kulitaja neno hilo kwa mdomo wako mwenyewe. Basi ngoja nikusimulie wanavyosema huku, maana yametokea mambo, na mengi yametokea nyumbani ninapoishi.

Mwenye nyumba wangu ni Mama Nyamizi. Ni mjane, analima tumbaku na kufuga kuku, na sauti yake ya asubuhi inaamsha kijiji kizima. Mtoto wake wa mwisho, Masanja, ni askari kama Lugano wetu. Siku niliyomwambia kwamba na mimi nina mdogo jeshini, alinitazama kidogo, akaniongezea mboga kwenye sahani. Tangu hapo mimi ni mwanawe.

Wakati wa kampeni, hakuna aliyempigania mbunge wetu kama yeye. Alifunga bendera kwenye baiskeli akazunguka vijiji vya huku porini, vumbi mpaka kwenye kope. Mbunge mwenyewe ni mtoto wa mrina asali, ndiyo maana watu wanamwita Mzee wa Mizinga. Wakimwona tu wanapiga kelele, "Mizinga! Mizinga!" Siku ya kwanza nilishtuka, nikadhani ni mizinga ya kivita. Kumbe ni ya nyuki.

Sasa, yalipoanza yale maneno ya kupeleka vijana wetu kwenye vita vya majirani, sote tulikuwa tunasikiliza redio kwa wasiwasi. Wengi bungeni walikuwa wanataka twende, tena haraka. Ikasikika kwamba mbunge wetu atazungumza. Mzee Ramadhani mwenye mashine ya kusaga, ambaye ndiye kiongozi wa wafuasi wake hapa, akasimamisha mashine mchana kweupe, akatoa televisheni barazani. Watu wakaacha shughuli. Wanawake walikaa juu ya magunia ya mahindi ambayo hayajasagwa, vijana wakabaki juu ya baiskeli zao mguu mmoja chini. Mimi nilikaa karibu na Mama Nyamizi. Alikuwa amevaa kanga ya kampeni yenye picha ya Mheshimiwa mgongoni.

Mama, yule mtu alizungumza. Alianza kwa sauti ya chini. Akasema, "Babu zetu wa Unyamwezi walibeba mizigo ya watu wengine kutoka kwetu mpaka pwani. Wengi walibaki njiani, na makaburi yao hatuyajui. Mimi sitasema ndiyo ili wajukuu wao wakabebe mzigo mwingine ambao si wa kwao." Wenzake wakaanza kupiga meza na kuzomea. Mmoja alisikika akisema, "Msaliti huyo!" Yeye akasubiri. Akasema, "Kama nchi ni yetu sote, basi hata mimi nisiyekubali ni yangu. Naipenda. Ndiyo maana napinga."

Pale barazani watu walilipuka. "Mizinga! Mizinga ya asali!" Mzee Ramadhani alikuwa analia huku anacheka, anapiga mlango wa mashine kwa kiganja. Wengine walinyamaza, maana waliogopa: mbunge akigombana na wakubwa zake, barabara yetu ya vumbi itawekwa lami na nani? Mimi mwenyewe, nikuambie kweli, nilihisi kama mtu amenitua ndoo kichwani. Nilimfikiria Lugano.

Nikageuka nimkumbatie Mama Nyamizi. Hakuwepo. Alikuwa ameshavuka barabara, anakwenda nyumbani kwa hatua za hasira.

Nilimkuta uani. Ile kanga alikuwa ameivua na kuitandika kwenye kiota cha kuku anayeatamia.

"Mama, vipi tena?" nikamuuliza.

"Niache kwanza."

"Lakini amewatetea wanetu."

"Amemtetea nani?" Aligeuka, macho mekundu. "Masanja hakukamatwa kwa kamba, Atupele. Alikwenda mwenyewe, anaringa, buti zinang'aa. Leo mtu niliyemzungushia bendera anasimama mbele ya dunia nzima anasema mzigo wa mwanangu si wa kwake. Akipelekwa je? Wakiniletea sanduku lake, nitawaambia watu alikufa kwa ajili ya nini?"

Nikachukua ufagio, nikafagia mahali palipokuwa safi.

Baada ya hapo kijiji, kilichomwona akiondoka katikati ya shangwe, kilimgeuka. Si kwa ubaya mkubwa, lakini ulikuwa unauona. Akienda kusaga, Mzee Ramadhani anamsalimia kwa mkato. Kuna waliosema ametumwa na watu wa mjini wanaotaka kumng'oa Mheshimiwa. Yeye, aliyempigia kampeni kuliko wote! Alikuwa anarudi nyumbani na unga wake, anapika, anakula, analala. Nami nilikuwa katikati, maana nilikubaliana na mbunge na nilikuwa nalala chini ya bati la Mama Nyamizi.

Kisha ikatangazwa kwamba Mheshimiwa anakuja kuongea na wananchi, mbele ya ghala la tumbaku. Walijaa, Mama, mpaka watu wa vijiji vya mbali, na walipomwona tu zikaanza ngoma. Akashukuru, akaeleza aliyoyasema bungeni na jinsi anavyotishiwa kufukuzwa chamani. Kila akitulia, wanashangilia. Ukafika wakati wa maswali. Maswali yenyewe yalikuwa ni sifa tupu, mpaka Mama Nyamizi aliposimama.

Alisema lile lile aliloniambia mimi uani, kuhusu buti na sanduku. Hakufika mwisho. Watu walianza kupiga kelele. "Kaa chini!" "Umetumwa!" Kijana mmoja akamvuta kanga akae. Nilisimama nikamshika mkono, sijui hata nilitaka kufanya nini, nilimshika tu. Alikuwa amesimama wima, hakai, kama vile tulivyomwona Mheshimiwa kwenye televisheni.

Mzee Ramadhani akachukua kipaza sauti, akasema kwa upole, "Mheshimiwa, tusamehe, huyu mama ana uchungu, tuendelee na mwingine."

Mbunge akamnyang'anya. Kweli, alikinyakua. "Hatuendelei," akasema. "Mnanishangilia kwa sababu kule walinizomea nikakataa kukaa. Sasa ninyi mnamzomea huyu akae. Basi mlikuwa mnashangilia nini? Mama, malizia."

Mama Nyamizi akamalizia. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Nataka kujua, Mheshimiwa. Ukisema vita hivi havina maana, na mwanangu akapelekwa hivyo hivyo, atakuwa mjinga?"

Yule bwana alivua kofia yake. Mimi nilidhani atatoa moja ya zile hotuba zake. Akasema tu, "Hapana, Mama. Hatakuwa mjinga. Atakuwa ametii. Mjinga atakuwa aliyemtuma. Nilipaswa kulisema hilo kule bungeni, sikulisema. Nimekosea."

Hakuna aliyeshangilia. Mama Nyamizi akakaa chini, akajifuta uso. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu akageuka akampa leso.

Nisikufiche, sikuamini kama hayo yangebadilisha kitu. Lakini kesho yake Mzee Ramadhani alikuja mwenyewe uani kwetu, kabeba unga wa Mama Nyamizi begani. Alisimama, anakohoa kohoa. "Mama Nyamizi," akasema, "nilikukosea pale mbele za watu. Na kuhusu vita, bado nasema wewe huoni mbali."

"Na wewe huna mtoto jeshini," akajibiwa. "Kaa unywe uji."

Akakaa. Walibishana mpaka uji ukapoa, na mara mbili nilisikia wanacheka.

Habari njema sasa. Masanja alikuja likizo. Vijana hawajapelekwa popote. Tunasikia wakubwa wa zile nchi jirani mbili zinazopigana wameamua kuendelea kuzungumza, na Mungu awape uvumilivu wa kukaa kwenye viti. Nilimuuliza Masanja kama hotuba ile waliiona kambini. Akasema waliiona. Mkubwa wao aliizima televisheni, akasimama pale amewapa mgongo, halafu akaiwasha tena. "Na wewe ulijisikiaje?" nikauliza. Alitazama mlangoni kwanza kuona kama mama yake yupo karibu. Akasema, "Dada, tukiagizwa nitakwenda. Lakini nilifurahi kwamba kuna mtu aliyetuulizia."

Ninafikiri Lugano naye angesema hivyo hivyo, ila Lugano wetu hasemi.

Juzi Jumapili, baada ya ibada pale kwa Wamoravian, tukasikia pikipiki inasimama nje ya nyumba. Ni Mheshimiwa, peke yake, hana msafara, suruali imejaa vumbi. Alikuwa ameleta dumu la asali. Mama Nyamizi akamtolea kigoda, tukala ugali na mlenda wote wanne, na Masanja alikuwa amekaa wima kama yuko gwaride. Walizungumza kuhusu vita na hawakukubaliana, mimi nilikuwepo. Mama Nyamizi alisema kama jirani anauawa, mtu hawezi kujifungia ndani. Mheshimiwa akasema bunduki zetu hazitawafufua. Hakuna aliyepandisha sauti. Wakati wa kuondoka akauliza, kwa aibu kidogo, kama bado wako pamoja.

Mama Nyamizi akamtazama tangu kichwani mpaka kwenye viatu. "Kura yangu unayo," akasema. "Mdomo wangu nabaki nao."

Yule mtu alicheka mpaka akashindwa kuwasha pikipiki.

Hivyo ndivyo wanavyosema huku, Mama. Nimetulia na ninalala vizuri. Huku ugenini nimepata nyumba ambayo watu wanagombana mezani na bado wanapeana chumvi.

Nisalimie shangazi, na mwambie dawa ni ya goti lako. Nisalimie dada yangu na wanawe, hasa yule aliyezaliwa juzi ambaye sijamwona. Mchungaji wetu umpe salamu za kanisa la huku. Wanaimba nyimbo zetu zile zile, ila wanazikimbiza. Lugano akipiga simu, mwambie Masanja anamsalimia kama ndugu, ingawa hawajaonana.

Na sasa neno moja kwa Baba, maana najua ni yeye anayekusomea hii. Shikamoo Baba. Hapa usiruke mstari. Siku ile, kabla simu haijakatika, nilikusikia kwa nyuma ukisema mbunge wetu wa huku ni mwoga. Ni haki yako, na siku nikija likizo tutabishana vizuri, nitaleta asali. Lakini Mama anaogopa, Baba. Anamwogopea Lugano kila siku, na hajakuambia kwa sababu anadhani utamwona naye mwoga. Ukimaliza kusoma, kunja karatasi, mwulize yeye anasemaje kuhusu vita. Halafu msikilize mpaka amalize.

Mtoto wenu anayewakumbuka,
Atupele