Mkebe wa Mama Njeri

Molo, Jumapili jioni, 1954

Afadhali angenitukana. Jana bwana mkubwa mwenye shamba aliniamuru nimkatie Mama Njeri posho nusu, kwa vile askari walimchukua mumewe. Nikapima, naye akakunja gunia lake akasema, "Asante, karani." Asante!

Leo akaja kanisani na mkebe wake kama kawaida. Kina mama wa hapa shambani, kila wakipika, huweka kando konzi moja ya unga mkebeni, na Jumapili huuleta kanisani, iwe ya mgonjwa au ya mwanamke aliyejifungua. Nikamfuata nje.

"Mama Njeri, mwaka huu mwenye shida si ni wewe?"

Akacheka. "Karani, nikiacha kutoa, nitashinda nikifikiria nilichonyang'anywa tu. Hii konzi inanionyesha Mungu bado ana kazi na mimi."

Mimi husoma Biblia kila asubuhi, na sijawahi kusema neno kama hilo.

Nilipofika nyumbani nikamkuta mke wangu, aliyejifungua Alhamisi, akinywa uji. Kando ya kitanda kulikuwa na mkebe ninaoujua.

Jumamosi nitashika kipimo tena. Ee Mungu, nawe ushike mkono wangu.